Kengele ya Saa Mbili

Tulikuwa wanne na meza moja ya karakana
iliyochechemea hata tulipoitegemezea kadi ya mtihani.
Valdivia ilinyeshewa wiki ya tatu,
mvua isiyo na haraka,
mfano wa mgeni aliyesikia mchele unapepetwa.

Millaray alichora. Eliseo alihesabu meno ya magurudumu.
Anahí aliiandikia mashine amri, akiitukana kwa upole.
Mimi nilichomelea nyaya; hadi Jumapili
vidole vyangu vilinuka bati na ganda la chungwa.

Matundu ishirini na nane: siku saba, mara nne kwa siku,
kwenye duara la plastiki linalozunguka
kama sinia ya kahawa msibani,
lisimruke mtu, lisimrudie mtu.
Tulikiita Kasisi, kwa kuwa kilipiga kengele,
kikamwekea mtu kitu kidogo kiganjani
na kusubiri bila kuuliza kama anaamini.

Tukampelekea Bi Ercira Oyarzún, kule Las Ánimas,
nyumba ya mbao, paa la bati, jiko la kuni.
Moyo wake dhaifu, alisema muuguzi,
na umri ni umri: husahau.

Wiki mbili. Hamsini na sita kati ya hamsini na sita.
Eliseo aliichapa grafu, akaibandika mlangoni,
mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Lakini miguu ya Bi Ercira ilizidi kuvimba,
viatu vikawa vya kutazama tu.
"Miguu haisomi grafu zenu," akasema muuguzi,
akakata simu.

Nilitumwa kubadilisha betri.
Nilimkuta akikanda mkate; akaniomba unga zaidi.
Nikachota, na kijiko kikagonga kitu.
Kidonge. Kingine.
Nikavihesabu juu ya kitambaa cha meza,
kumi na vinne, vyeupe,
vya usiku vyote.

Hakushtuka. Hakuacha kukanda.
"Sikusahau, kijana. Nimepanga barua za mji huu
miaka thelathini na moja, kila nyumba na tundu lake.
Mimi nifundishwe matundu?"

Akafuta mikono, akafungua mlango wa nyuma ya jiko.
Korido. Hatua kumi na moja hadi chooni,
bila taa, ubao mmoja umezama,
na baridi iliyonishika vifundo kama mtu anayedai.
"Kile cha saa mbili usiku hunipitisha hapa mara nne.
Nolberto alianguka mara moja."
Akarudi kwenye unga wake.

Tulikuwa tumepima kila kitu:
nguvu ya springi, uzito wa kidonge kilichoshika unyevu,
mtetemo wa mkono, ukali wa kengele
kwa sikio lililoanza kuziba.
Mashine ilijua kutoa. Kumeza haikujua.
Na sisi, kwa wiki mbili, tuliuita ushindi.

Daktari alikihamishia kidonge asubuhi,
kalamu, mstari mmoja, kazi ya nusu dakika.
Tukanunua taa inayowaka ikiona mtu.
Eliseo akapigilia ubao mpya,
na kidole chake pia.

Jopo likauliza: mmeboresha nini kwenye kifaa?
Tukatazamana.
"Matundu saba sasa ni matupu," akasema Millaray.
Tukapewa nne nukta tisa kati ya saba
na neno la wino mwekundu: ubunifu haba.

Miguu imeshuka. Si sana, si kila siku.
Kengele ya saa mbili nilitaka kuifuta,
Bi Ercira akakataa.
Ikilia, alisema, hutia jikoni kuni za mwisho,
kisha hufungua lile tundu lisilo na kitu,
ahakikishe.